Karanga kwenye Kachumbari

Mjukuu wangu Rehema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Kirumba hatujambo. Goti la babu yako limepata nafuu, sasa anashinda akigombeza kuku wangu.

Umeniuliza ufanyeje, maana mtoto uliyemkuta kwa mumeo hagusi unachopika. Baba yako nami nilimkuta hivyo hivyo, mwaka ule wa uhuru. Alikuwa mdogo, mama yake amefariki, na kila nilichompakulia alikitazama tu. Siku moja nilikuwa nafikicha vitunguu vya kachumbari kwa chumvi, akasogea.

"Mama anaweka karanga," akasema.

Karanga kwenye kachumbari! Nilibana kicheko, nikamuuliza, "Anazitwanga au anaweka nzima?"

"Anazitwanga."

Nikakaanga karanga, nikampa mchi. Akatwanga, nyingine zikaruka sakafuni, akazinyunyiza mwenyewe juu ya nyanya. Siku hiyo alikula na samaki wangu wa sato mpaka akalamba vidole.

Basi muulize huyo mtoto mama yake alimpikia nini. Ile mnayoiita kachumbari ya bibi, mwanangu, si yangu. Ni ya bibi yako ambaye hukumwona.

Ni mimi,
Bibi yako wa Kirumba