Jini wa Ingleburn

Campbelltown, Sydney

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limetulia na sasa unainuka kwenye mkeka bila kumwita Rehema. Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo inatuonea.

Simu zangu hupokei tangu nilipokwambia naigiza jini. Basi nimeandika, maana barua huwezi kuikata katikati. Dada Rehema, msomee yote, usiruke hata mstari.

Mama, jini mwenyewe hayupo. Kazi yangu ya ghala hapa Ingleburn unaijua. Banda la jirani wamelikodi watu wa filamu, wanatengeneza hadithi ya kale ya Uarabuni: sultani, binti mfalme, zulia linaloruka. Walikuwa wanatafuta mtu mrefu. Urefu ni wenu mlionizaa, usinilaumu. Jumba la sultani ni mbao na rangi, zulia linavutwa kwa waya, na moshi ninaotokea unatoka kwenye mashine. Mimi napakwa rangi ya dhahabu mwili mzima, na haitoki yote. Juzi Mama Furaha, jirani yetu Mkongo, alinikuta kwenye treni akasema, "Weye, masikio yako iko inang'aa sana leo." Na kila nikiingia kwenye moshi ule nasema bismillah. Sasa jini gani huyo?

Kilichotaka kunishinda ni kicheko. Mwongozaji, mama mmoja mtu mzima, alitaka jini akitoka kwenye chupa acheke mpaka watu wasisimke. Nikacheka, akasema nakohoa. Nikarudia, watu wakatazama chini. Akanipa nafasi ya mwisho, la sivyo angetia sauti ya mtu mwingine.

Ndipo nikamkumbuka Baba barazani akicheza dhumna, ameshika kete ya mwisho. Unakumbuka alivyokuwa anaanzia tumboni, polepole, kisha baraza zima linatikisika, nawe jikoni unasema keshamfunga mtu huyo. Nikacheka vile vile. Binti mfalme akasahau maneno yake. Mwongozaji akaniuliza kicheko kile nimekitoa wapi.

"Kwa baba yangu," nikamwambia, na machozi yakanitoka. Ikabidi nipakwe rangi upya.

Tangu tumzike sikuwahi kukisikia tena, Mama. Kumbe alikiacha kwangu.

Kazi hii siiachi, nakwambia kweli, naiweza na naipenda. Ila sitaki kuimaliza bila radhi zako. Nipigie, hata kama ni kunigombeza.

Mjomba Shaabani msalimie sana. Bi Mwanaheri wa nyumba ya pili mwambie mwanangu, mjukuu wako, anaelewa Kiswahili chote, anajibu Kizungu kwa ukaidi tu, asichoke kumsemesha kwenye simu.

Filamu ikifika Tanga, Rehema atakupeleka. Jini akianza kutoka kwenye chupa, ukiogopa, fumba macho. Masikio usizibe.

Mwanao wa dhahabu, mpaka nyuma ya masikio,
Hamisi