Mwisho Aliousoma Kemboi

Wachuka uko? Nimetoka kwa Linah sai. Nimekaa tu hapa steji ya Molo, hata baridi siisikii.

Unakumbuka ile riwaya ya mabaharia wa Ncha ya Kusini, yenye tulikuwa tunapokezana kwa grupu ya vitabu? Nilimpelekea Linah. Tangu augue macho hayaoni vizuri, so bwanake Kemboi ndiye humsomea.

Si nikafungua mdomo. "Huyo kapteni alinimaliza, kufia kwa hema na watu wake wote."

Linah akamgeukia Kemboi. "Si ulinisomea walifika nyumbani?"

Wachuka. Walifika nyumbani! Kemboi alijitungia mwisho wake, akausoma kama umeandikwa. Saa hiyo anaangalia tu kikombe cha chai.

Nikaanza kubabaika eti labda nimechanganya na kitabu kingine. Walifika nyumbani, hiyo tu ndio nasikia kwa kichwa.

Linah akanishika mkono. "Wacha, Joan. Nilishuku. Sauti yake huwa ndogo akidanganya."

Halafu akaongeza:

"Hata juzi akiniambia daktari amesema nitapona, ilikuwa ndogo hivyo hivyo."