Baba Ntwali, Uliyepewa Shamba la Watu

Baba yetu, mwaka umetimia tangu ututoke pale hospitalini Minneapolis, huku Marekani, theluji ikianguka dirishani. Bado tunakumiminia chai ya maziwa, na kikombe kikishajaa ndipo tunakumbuka.

Ulikuwa mtu wa watu. Ulizoa theluji milangoni kwa wajane wa mtaa wetu wa Phillips kabla hawajaamka, wala hukungoja asante. Ila hukuwahi kulala bila viatu kuwa tayari kando ya kitanda. Mjukuu wako Kirezi alikwambia kwa Kiingereza chake kwamba hapa hakuna atakayekuja kutufukuza. Ukamjibu, "Hata kule tuliambiwa hivyo."

Ulikuwa na miaka sita Wabelgiji walipowapakia kwenye lori huko Rwanda na kuwapeleka Masisi, upande wa Kongo, mkalime milima waliyosema haina mwenyewe. Mlipofika mlikuta askari wanabomoa nyumba. Mama mmoja alishuka bondeni na mtoto mgongoni, hakugeuka hata mara moja. Kwa miti ya nyumba ile ile baba yako akajenga yenu.

Mlilima hapo mpaka ukawa mtu mzima mwenye wana. Kisha watoto wa waliofukuzwa wakarudi na mapanga. Mama yetu, Uwimana, walimuulia mlangoni. Ukatukimbiza hadi kambini Uganda, tukakaa huko mpaka serikali nyingine ikatupandisha ndege na kutuleta huku.

Na huku akaja Mzee Bauma. Binti yako Donatille alimleta kwako kanisani kwa furaha: mtu wa kwetu, wa Masisi. Mkatajiana kilima. Uso wake ukabadilika.

"Pale ni kwetu," akasema. "Niliondoka mgongoni mwa mama."

"Najua. Niliwaona."

"Na mkakaa."

"Nilikuwa mtoto. Na mke wangu mlimuua."

"Mimi sikumuua."

"Na mimi sikubomoa."

Hakuna aliyetoa mkono. Tangu hapo, kila Jumapili, yeye alikaa upande wake nawe upande wako, mkiimba wimbo mmoja.

Uliomba tukuzike kando ya Mama. Tulishindwa, Baba, kilima kile kina wenye bunduki mpaka leo. Tulikulaza kwenye makaburi ya Burnsville, katika udongo ulioganda hata ikabidi uchimbwe kwa mashine. Bauma alikuja. Mwanao Pacifique alimpa beleshi, akalikataa. Alisimama kando ya kaburi lako, akasema taratibu, "Hapa kaa tu. Hapa si petu."

Kisha akaenda zake kutafuta kituo cha basi katika baridi ile, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia apande gari.

Tunaokulilia ni wanao Donatille na Pacifique, mkweo Nshuti, mjukuu wako Kirezi, na wajane wa Phillips, ambao sasa wanazoa theluji wenyewe. Hatutakusahau, Baba, maisha yetu yote.