Sahani za Muthokoi kwa Wasichana wa Kiboko

Kiboko

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Kwa simu salio huisha nikiwa bado nauliza habari ya goti lako, kwa hivyo leo nimechukua karatasi. Goti linaendeleaje? Mvua imefika Kanyangi, ama bado mnaangalia mawingu yakipita tu? Sisi huku tuko salama. Ndanu ameota meno mawili, sasa ananiuma nikimnyonyesha, halafu anacheka. Kazi ya kufunika mahindi karatasi ili mbegu zisichanganyike, kwa shamba la utafiti, bado iko. Jua ni kali lakini tunapata chakula.

Sasa nikujibu ile maneno yako. Ulisema darasa la kushona likifungwa utakuja umchukue Ndanu akae na wewe, kwa sababu mtoto halelewi kwa mistari ya mahindi. Simu ilipokatika, Mwaitu, nililia. Pale darasani kuna kona ya watoto, mama mmoja wa kanisa huwaangalia sisi tukishona, na wangu hubaki naye hata nikiwa shambani. Likifungwa, kweli sina pa kumwacha.

Kile chumba tunachoshonea kilikuwa cha nasari ya kanisa. Siku hizi wamama wa huku wanazaa wawili, watatu, wanasema wametosheka, si kama sisi tuliokuwa tunagombania blanketi kwako. Nasari ikabaki na watoto wachache, ikahamia chumba kidogo. Lakini wasichana wakubwa, wale waliozaliwa watoto wakiwa bado wengi, wamejaa kila boma. Wengi wanakaa na nyanya zao, hawa susu wa huku, kwa sababu wazazi wako Nairobi. Ndio kanisa likatoa chumba, kaunti ikaleta cherehani na Mwalimu Zuhura, Mwislamu wa kutoka Mwingi, mkali kwa mshono lakini roho safi.

Halafu akaja dada wa ofisi ya vijana ya kaunti. Akasema karatasi zao zinaonyesha vijana wa hapa wamehamia mjini, na kama wasichana hawako, cherehani zitapelekwa penye wako. Akazunguka boma kwa boma akiuliza. Alifika kwa Susu Kalunde, mwenye nyumba yangu, nikiwa hapo nafua.

"Susu, wasichana wangapi wanaishi hapa?"

"Wako."

"Wako wangapi?"

"Wako wa kutosha."

"Wanne? Watano?"

"Wewe mtoto, hata mbuzi wangu sihesabu, nitahesabu wajukuu? Kunywa chai uende."

Unajua hiyo mambo, Mwaitu, kuhesabu watoto ni kuwaitia mkosi. Hata wewe ukiulizwa watoto wako ni wangapi unasema tu Mungu amekubariki. Boma zote zilikuwa hivyo hivyo. Dada akarudi na karatasi nyeupe, akasema atakuja Jumamosi mara ya mwisho.

Mwalimu Zuhura akasema basi angalau mgeni asiondoke na njaa, tupike muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, tuite na wasichana. Akanituma niulize watakaokula, chakula kisipungue. Nikaanzia kwa Susu Kalunde.

"Susu, Jumamosi tunapikia wasichana. Kwako nipange sahani ngapi?"

"Sita," akasema bila kufikiria. "Na usipakue kidogo, yule wa mwisho anakula kama askari wa usiku."

Nikasimama kama nimepigwa na stima. "Zote ni za wasichana?"

"Si umesema wasichana? Mimi nitakula kwangu."

Nikamfunga Ndanu mgongoni vizuri, nikazunguka mpaka jua likashuka. Hakuna susu hata mmoja aliyenikatalia. Huku tatu, kule tano, mwingine ananiuliza kama kutakuwa na nyama!

Jumamosi wakaja, benchi hazikutosha. Wengine walikuwa na watoto mgongoni kama mimi. Dada wa ofisi akapita katikati yao, kalamu haipumziki.

"Susu, si ulikataa kuhesabu?" akamuuliza Susu Kalunde.

"Sijahesabu mtu. Nimehesabu chakula."

Watu walicheka mpaka Mwalimu Zuhura akakaa chini. Kisha dada akanigeukia, akauliza kama mimi niko kwa hesabu. Nikasema mimi ni mama. Susu akaniangalia hivi: "Mama wa nini? Huyu ni rika la mjukuu wangu. Mwandike, na apewe sahani."

Jana Mwalimu alipigiwa simu na ofisi ya vijana. Cherehani zinabaki! Na kwa sababu waliona wale watoto wa mgongoni, kona yao itapanuliwa, na yule mama wa kanisa atalipwa kuwaangalia.

Nisalimie ndugu yangu anayechunga, mwambie asichome makaa tena karibu na zizi. Salimia shangazi anayeuza ndengu sokoni, na mchungaji wetu aliyeniombea nikitoka.

Na wewe Mwaitu, usije kumchukua Ndanu. Njoo umtembelee. Kaa wiki nzima, nikupime nikushonee rinda, umbebe mpaka uchoke, kisha urudi Kanyangi bila yeye.

Ni mimi binti yako anayekupenda,
Mwikali, mama Ndanu