Kijimoto cha Mavyaa

Jumatatu, 3 Februari

Kimezima tena. Nabonyeza kitufe, nasogeza kiberiti, kijimoto cha bluu kinawaka. Nashikilia kitufe mpaka kidole kinakufa ganzi. Nikiachia tu, pu!

Meko ya gesi ya kuotea moto sebuleni, Malindi, na joto hili. Mzungu aliyepanga nyumba kabla yetu ndiye aliyeyaweka. Majirani wanacheka. Nami nilicheka nao, mpaka mume wangu Muriuki aliponiambia mama yake anakuja Jumamosi. Mavyaa ni mtu wa Nyahururu, kwenye baridi. Mara ya mwisho, kabla hatujahamia nyumba hii, alikaa siku mbili tu akarudi kwao. Alisema hajui watu wa huku huketi wapi jioni, maana hamna moto. Sasa moto upo, kijimoto kikikubali kubaki kiuwashe. Mimba yangu ni ya miezi minane na mama yangu hayupo duniani. Nataka mavyaa akae mpaka nijifungue. Basi, hilo tu.

Jumanne, 4 Februari

Fundi Charo wa Muyeye, yule wa majiko ya gesi, amekuja. Kapaka povu la sabuni kwenye maungio: hapavuji. Kachomoa kijibomba kinacholisha kijimoto. Utando wa buibui tele! Nilirukaruka na tumbo langu hili. Tukawasha. Kikawaka vizuri.

Kikazima.

Alhamisi, 6 Februari

Charo kaagiza kijiti cha shaba kutoka Mombasa. Kazi yake ni kuhisi joto. Kisipolipata, kinafunga gesi. Cha zamani kimeliwa na chumvi. Kafunga kipya, kawasha, kaachia kitufe. Kijimoto kikabaki! Nikapiga vigelegele. Charo, jasho likimtiririka, akaongeza feni ya dari hadi mwisho, tukaketi tunywe soda. Chupa hazijafika nusu, kijimoto hakuna.

Charo anasema meko yana jini. Nimeyapiga teke. Kidole cha mguu kimevimba. Nina hasira na keshokutwa ni Jumamosi.

Ijumaa, 7 Februari

NIMEJUA!

Mchana stima zilipotea. Joto la kuua. Nikawasha kijimoto kwa ukaidi tu, nikaenda kufua. Kurudi, bado kinawaka! Nikapiga magoti kukitazama, siamini. Stima zikarudi. Feni ikaanza kuzunguka juu ya kichwa changu. Kijimoto kikalala upande, kikatetemeka, kikafa.

Feni! Nani huzima feni Malindi mwezi huu? Yetu huzunguka hata tukitoka. Nilipiga ukelele mpaka jirani yangu Mama Zawadi akaja mbio na kanga mbili, akidhani nazaa. Nikazima feni, nikawasha, nikazungusha kitufe hadi mwisho. Meko yote yakashika moto! Tukacheza wawili sebuleni, tumelowa jasho. Mtoto naye akipiga mateke ndani.

Jumamosi, 8 Februari

Amefika. Sweta hadi shingoni. Nilimwamkia huku moto unawaka tayari. Macho yake! Akavuta kiti karibu, akanyoosha mikono. Feni nimeizima na juu ya swichi nimebandika karatasi, asije mtu akaiwasha. Muriuki alikuwa anang'aa jasho. Nikamtolea macho asithubutu kusema neno. Mavyaa kasimulia habari za ng'ombe wake mpaka saa ya kulala, mkono mmoja juu ya tumbo langu. Nina furaha mpaka naona aibu. Lakini hakusema atakaa siku ngapi.

Jumapili, 9 Februari

Baada ya chakula tuliketi tena mbele ya meko. Mavyaa akajipangusa uso kwa mkono wa sweta. Akainuka polepole, akabandua karatasi yangu, akawasha feni. Kijimoto kikazima, na moto mkubwa ukazima nacho.

"Kadzo mwanangu," akasema, "mimi nilikuwa navumilia tu. Nilidhani nyinyi ndio mnaoupenda."

Muriuki alicheka hadi akalala sakafuni. Mimi nililia kidogo, sijui kwa nini. Hakuna aliyewasha tena. Tulikaa palepale, viti vyetu vimeyazunguka meko yaliyopoa, upepo wa feni ukitupiga.

Sasa amelala. Sweta ameitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Nimechungulia uvunguni. Sanduku lake ni tupu, nguo zote kazipanga kabatini.