Mwanamke Asiyefahamika Getini

Karrabool, Victoria
Jumamosi

Mdogo wangu mpenzi Neville,

Salamu nyingi, na pole kwa mgongo. Nasikia baridi ya mwaka huu imeukamata tena. Dawa unapaka, au unaitazama tu kabatini? Mimi mzima, ila magoti yananung'unika na uso umebabuka kwa upepo. Nakuandikia kwa sababu simu hupokei. Najua si kiburi. Mawakili wa kiwanda wamekukataza kuzungumza na watu wa mgomo. Barua labda waliisahau.

Sitaki kukuhubiria. Wewe ni msimamizi wa zamu, mimi nilifungasha jibini kiwandani humo humo mpaka nikastaafu, na sote tunajua kuwa kuwafukuza watu kazi ili uwarudishe kesho yake kama vibarua ni aibu. Haya, nimeshahubiri. Nisamehe.

Acha nikupe ya getini, maana dirishani kwako huoni yote. Siku amri ya zuio ilipoletwa kutoka mahakamani Melbourne, mjumbe aliisoma jina kwa jina: kila aliyetajwa akae mbali na geti, la sivyo atafungwa kwa kudharau mahakama. Rhonda, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, alitajwa wa kwanza. Wakafuata wengine wote, hata yule mzee wa watu anayetuchomea soseji. Wakaondoka mmoja mmoja, wengine wakifuta machozi. Nikangoja jina langu. Halikuja. Nikabaki peke yangu na bango.

Mara likaja lori la maziwa. Dereva akachungulia, akaniuliza, "Bibi, uko kwenye mgomo au umepotea njia?" Nikamwambia sijapotea. Akacheka, akasema akivuka mstari wa wagomaji, hata wa bibi mmoja, marehemu baba yake atafufuka amcharaze. Akageuza. Waliomfuata nao wakageuza. Tangu siku hiyo, mdogo wangu, kiwanda kizima kimesimamishwa na dada yako na blanketi lake.

Baadaye Rhonda akanionyesha hati yako ya kiapo, ile iliyoipa mahakama majina yetu. Kila picha iliyopigwa getini umeitambua, isipokuwa yangu. Hapo umeapa kwamba ni mwanamke wa makamo usiyemfahamu. Neville! Mimi niliyekufunga kamba za viatu kila asubuhi! Nilicheka mpaka nikapaliwa na chai, kisha nikalia, maana wewe hujui kusema uongo hata wa kumkwepa mchungaji. Na hilo la "wa makamo", ahsante sana.

Lakini Jumatatu jaji atakuuliza mwenyewe, uso kwa uso, na wakili wetu anasema uongo wa kiapo unaweza kukupeleka jela. Nimekosa usingizi. Geti nalipenda, ila wewe nakupenda zaidi. Kwa hiyo nakuomba, tena nakuamuru kama mkubwa wako: nitaje. Sema ni dada yako Glenys na ulimwonea huruma. Nitaondoka kama wenzangu walivyoondoka. Nimeshamwambia Rhonda, na hakuna atakayekulaumu.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Rhonda aliuliza nani atabaki getini nikishatajwa, maana wenzangu wote wameshazuiwa. Jana akaja kwangu wifi yangu Coral, mkeo, akasema atakaa yeye, kwani jina lake halimo kwenye amri. Kila akitaka kukwambia, unamsifia chakula, naye anaishiwa nguvu. Ndiyo maana akaniomba nikuandikie. Nilimbembeleza afikirie kwanza, nikamwambia nyumba yenu ni ya thamani kuliko kiwanda. Akanijibu, "Wifi, hawa wanaofukuzwa ndio walionipikia na kunifulia nilipougua. Neville atanielewa. Asiponielewa, ajipikie."

Basi, Jumatatu utanitaja mimi. Jumanne asubuhi, ukienda kazini, utamkuta Coral amekaa mbele ya gari lako. Kuvuka au kugeuza, hapo sikushauri, hiyo ni baina yenu. Nakufikishia tu alivyosema: hatasogea hata ukipiga honi.

Ubaki salama, mdogo wangu. Msalimie Coral, na msinuniane muda mrefu. Kwangu kuna kitanda cha wageni, kwa yeyote kati yenu atakayekihitaji.

Dada yako akupendaye,
Glenys