Fidla Yenye Jina Lisilo Langu

Berea, Durban

Yaya Feza, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu za mdogo wako, ambaye kwa wiki tatu hasira imemnyima mkono wa kuandika. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Na shule huko Bukavu, imefunguliwa? Mimi mwili mzima. Kinachouma ni moyo.

Nilikuandikia kwamba patroni wangu, mzungu mwenye karakana ya fidla nilikokuwa nafanya kazi, alipata oda ya fidla ya kizamani, kama zile zilizopigwa kwenye majumba ya wafalme wa Ulaya: nyuzi za utumbo wa kondoo, sauti laini. Mikono inamtetemeka siku hizi, kwa hiyo kazi yote akaniachia. Miezi saba, Yaya! Nilichonga ule ubao mpaka ukiugonga kwa kidole, unaitika. Marehemu Papa, aliyetufundisha ufundi huu, angelia.

Siku ya kuikabidhi akaja mpigaji aliyeiagiza, mama wa makamo. Akapiga, akafumba macho. Halafu akachungulia ndani, pale fundi anapobandika jina lake. Jina la patroni!

Sikuweza kunyamaza. "Madamu, hiyo nimeitengeneza mimi."

Patroni akacheka. "Eish, huyu? Huyu ananipigia msasa tu."

Msasa, Yaya! Yule mama akatutazama wote wawili, akamuuliza patroni, "Ubao wa juu una unene gani hapa katikati?"

Patroni akaanza kukisia. Nikajibu mimi: "Milimita tatu, madamu. Pembeni mbili na nusu."

Akaelewa, nilimwona. Lakini akaifunga fidla kwenye sanduku lake na karatasi ile ile ndani. "Pole sana," akaniambia mlangoni. Basi, pole tu.

Nikavua aproni. Sasa nalinda magari ya watu kule ufukweni, South Beach, pamoja na Wakongo wenzangu. Mmoja alikuwa daktari huko nyumbani.

Jumamosi mchana nilienda kwenye ukumbi wa tamasha ambako yule mama alikuwa anapiga na wenzake. Sikuwa na tiketi, nikasimama kwenye ngazi, dirisha wazi. Nikaitambua fidla yangu katikati ya zote. Muziki ulipokwisha, wakamtaja patroni kuwa ndiye fundi wake na watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, Yaya, huku nimekasirika hivyo hivyo.

Nisalimie shemeji mwalimu, na shangazi yetu wa sokoni. Mama usimwambie nimeacha kazi. Mwambie fidla imependwa. Hilo si uongo.

Mdogo wako anayekupenda,
Bahati